Mjukuu Wangu Hana Kazi

Januari 7
Daktari wa misheni amesema niandike kila siku kama nimekunywa dawa ya presha. Mwezi uliopita nilimwambia nimekunywa, akanifunga kile kitambaa mkononi, kikajivimbisha, akasema, "Bibi, hukunywa." Haya. Naandika. Dawa nimekunywa. Jina langu Beatha, nimesoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa huyo daktari.

Januari 8
Dawa nimekunywa. Mvua.

Januari 9
Dawa nimekunywa. Mvua, na ukungu mpaka saa sita. Mianzi imechipua vizuri. Tangu mume wangu afariki nagema ulanzi mwenyewe, pombe ya mianzi. Wanaume walisema mwanamke hawezi. Sasa wanakuja kwangu na madumu yao na heshima zao. Ulanzi hautaki mtu wa kuzurura. Chipukizi unalichonga ncha asubuhi na jioni, unaweka mbeta ya kukingia maji yake, kesho tena, kesho kutwa tena. Ukiruka linaziba, na ndiyo basi.

Januari 12
Dawa nimekunywa, lakini leo kuna jambo.

Ninaishi na mjukuu wangu Avelina. Mama yake, binti yangu, alifariki Avelina hajaota meno, nikamlea mimi kwa uji wa ulezi na makofi. Sasa ni msichana mkubwa na anafanya kazi kwenye kompyuta, chumbani, mlango umefungwa. Kuna kampuni ya Uholanzi inauza viatu. Mzungu akinunua kiatu kikambana, anaandika kwa hasira, na Avelina wangu anamjibu kwa Kiingereza kumwomba radhi. Kutwa anaomba radhi kwa viatu asivyovishona. Nilimwambia kama ni kuomba radhi aanzie hapa nyumbani kwa sufuria alizounguza.

Leo akaja jikoni, akachukua kigoda, akakaa. Nikajua kuna kitu. Avelina huwa anakula amesimama.

"Bibi, nataka kuomba viza."

"Ya wapi?"

"Ureno."

"Kwa Wareno? Wale waliokuwa wanapiga mabomu Msumbiji, watu wakavuka Ruvuma na watoto mgongoni?"

"Bibi, hiyo ni zamani."

"Zamani kwako. Mimi nilikuwa mwari tayari."

Akanieleza polepole kama anavyowaeleza wale wa viatu. Nchi ile inatoa kibali kwa watu wanaofanya kazi kwa mtandao. Unakaa kwao, unapanga chumba kwao, unanunua mikate yao, lakini mwajiri wako yuko pengine, kwa hiyo hunyang'anyi mtu wao kazi.

"Yaani unakwenda nchi ya watu kujifungia chumbani."

"Ndiyo, Bibi."

"Chumba si ninacho hapa?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema hapa umeme ukikatika au mtandao ukifa, kule inaonekana ametoroka kazini. Wameshamwonya. Mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi wa nne. Akipata mahali pa uhakika, na saa zinazokaribiana na zao, watampa usimamizi. Asipopata, hawatamwongezea mkataba.

"Makambako je, kwa mjomba wako Romani? Si ana jenereta?"

"Mjomba ana jenereta na malori usiku kucha chini ya dirisha, Bibi. Na pia..." Akazungusha kikombe. "Na pia nataka tu kwenda kuona."

Hapo ndipo aliposema kweli. Hayo mengine yalikuwa maneno ya mkataba.

Januari 13
Dawa nimekunywa. Sijasema naye.

Januari 14
Dawa nimekunywa. Nimesema naye. Nimemwambia afunge mlango wa kuku.

Januari 19
Dawa nimekunywa. Amekwenda Njombe polisi kuchukuliwa alama za vidole, apate cheti kwamba hajawahi kuiba wala kuua. Nikamwambia angeniuliza mimi ningemwandikia bure. Kalowa mpaka chupi. Baridi ya leo ni ya mwezi wa sita, sijui imekosea njia wapi.

Januari 22
Dawa nimekunywa. Jirani yangu Anneth ametapeliwa. Kijana kampigia simu na sauti ya kulia, "Mama, nimekamatwa, tuma hela kwa namba hii," na Anneth akatuma hela ya mbolea, mtoto wake mwenyewe yuko shambani anapalilia viazi. Tumemcheka, kisha tumemwonea huruma, kisha tumemcheka tena.

Jioni Avelina akanikalisha. "Bibi, sikiliza. Mtu usiyemjua akikupigia akauliza habari zangu, kazi yangu, mshahara wangu, usimwambie kitu chochote."

"Unamfundisha nani? Mimi hata wanaonijua siwaambii."

Na ni kweli. Huku kwetu mtu haulizwi ghala lina nini akajibu. Mahindi yakikubali unasema yameliwa na panya. Mtoto akifaulu unasema amebahatisha. Safari haitajwi mpaka msafiri awe amefika. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo watoto wetu walivyopona macho ya watu.

Januari 25
Dawa nimekunywa. Anneth kaja kununua ulanzi wa asubuhi, ule mtamu. Shingo yake inageuka kuliko ya bundi. "Avelina haonekani siku hizi, mama. Yuko salama?"

"Anaumwa tumbo."

"Nilimwona Njombe polisi."

"Ndiko alikoshikwa na tumbo."

Januari 28
Dawa nimesahau, nimeinywa jioni. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na simu zote zikawa hazina mnara. Avelina akaifunga kompyuta kwenye mfuko wa nailoni, akapanda na mvua mpaka kilimani kanisani, ambako mtandao unapatikana. Nilimfuata na mwavuli nikiwa na hasira zangu. Nikamkuta amekaa barazani pa kanisa, magoti pamoja, kompyuta juu ya kanga, vidole vyeusi kwa baridi, anamwandikia mama mmoja ambaye kiatu chake kimeachia soli. Nikamwambia utakufa kwa nimonia kwa ajili ya soli ya Mzungu. Hakuinua kichwa. "Dakika moja, Bibi, huyu mama ana harusi kesho." Nikasimama nikamshikia mwavuli, maana ningefanya nini.

Februari 3
Dawa nimekunywa. Ametuma maombi. Cheti cha kuzaliwa, cha polisi, barua ya mwajiri, karatasi za benki, picha asiyocheka. Alikuwa anabonyeza na mimi nafukuza jogoo aliyeingia sebuleni. Akaniuliza, "Bibi, nimeandika namba yako kama ya nyumbani, sawa?" Nikasema andika. Jogoo akapanda juu ya kabati.

Februari 4
Dawa nimekunywa. Mvua.

Februari 7
Dawa nimekunywa. Anaangalia simu, anaiweka, anaiangalia. Nimemwambia simu haikomai kwa kutazamwa.

Februari 12
Dawa nimekunywa asubuhi. Sasa ni jioni, naandika yote yalivyokuwa.

Nilikuwa mianzini, mikono inanata, kisu mdomoni, simu ikalia. Namba siijui. Sauti ya mwanamke, laini, ya mjini.

"Shikamoo bibi. Naongea na Bibi Beatha?"

"Inategemea. Wewe ni nani?"

Akataja ofisi, jina refu. Kwamba wanahakiki maelezo ya Avelina, kwamba ni maswali machache tu. Nikasema moyoni, haya, ndio wale matapeli wa Anneth, amewaelekeza kwangu.

"Bibi, Avelina anafanya kazi gani?"

"Kazi? Huyo hana kazi. Analala mpaka saa nne, akiamka anakula ugali wangu."

"Lakini ana kipato? Kwa mwezi anapata..."

"Kipato cha wapi! Hata chupi namnunulia mimi."

"Na hii kompyuta anayofanyia..."

"Ya kuazima. Imekufa."

Nikasikia anaandika. Nikaona ninashinda, nikaongeza. "Tena usijisumbue naye. Anaolewa mwezi wa tano, Mawengi, kwa mkulima mmoja wa ngano mwenye ng'ombe. Haendi popote."

"Mawengi, Ludewa?"

"Kwani kuna nyingine? Na wewe binti, sauti nzuri hivyo unaifanyia utapeli? Nenda kamwambie mama yako akulee upya." Nikakata.

Nilirudi nyumbani ninaimba. Wakati wa kula nikamwambia Avelina yote, na sauti ya yule mwanamke nikaiigiza. Nilitegemea acheke. Tonge likabaki mkononi mwake.

"Walitaja jina la ofisi, Bibi?"

Nikalitaja nilivyolikumbuka.

Akarudisha tonge kwenye sahani. Akanawa, akaingia chumbani, na huo mlango ambao siku zote anaufunga, leo aliuacha wazi, akakaa kitandani anatazama ukuta.

Februari 13
Dawa sijanywa.

Februari 14
Dawa sijanywa. Hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Mimi nimegombeza watu maisha yangu yote, najua mtu akishagombezwa anapumua. Huyu ananiandalia chai, ananiuliza nimelalaje, "Bibi, sukari inatosha?" Inatosha, mke mwenzangu, ni wewe hutoshi. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikamwambia chai imepoa.

Februari 15
Nimemeza dawa kwa sababu yeye ameileta na maji na akasimama pale.

Amewapigia wale watu wa viza. Wamemwambia asubiri barua.

Februari 18
Dawa. Jumatano ya Majivu. Padri akanipaka akasema u mavumbi. Nikasema moyoni, Padri, umechelewa, nimeshaambiwa wiki iliyopita.

Kwaresima wanaume wote wameacha ulanzi. Wameuacha mlango wa mbele, wanauchukua mlango wa nyuma.

Februari 21
Barua imekuja kwenye kompyuta. Avelina amenisomea, Kiingereza kwanza kwa kunong'ona, kisha Kiswahili. Kwamba maelezo ya mwombaji na maelezo ya mwenye nyumba hayalingani. Kwamba mwombaji anadai ajira, mwenye nyumba anaikana. Kwamba kuna habari ya ndoa. Yule mkulima wa ngano ameandikwa! Kwamba kabla ya kuamua wanataka kuongea na mwenye nyumba kwa picha, uso kwa uso, mwombaji asiwe chumbani. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Na kwamba mawasiliano yakishindikana siku hiyo, wataamua kwa hayo waliyonayo.

Hayo waliyonayo ni mdomo wangu.

"Sasa nitasema nini?" nikamuuliza.

"Kweli tu, Bibi."

Amesema kirahisi. Kweli ya nyumba yangu nimeificha miaka yote hii na haijawahi kunidai kutoka nje.

Februari 22
Dawa nimekunywa. Mvua. Mnara haupo.

Februari 23
Dawa nimekunywa. Mvua. Mnara haupo. Kwa mtandao huu hatuwezi kuongea hapa kwetu. Avelina anasema twende Makambako kwa Romani. Sipendi. Romani ni mwanangu wa mwisho na ana nyumba ya wageni karibu na njia panda ya malori. Mimi naijua nyumba ya wageni ni nini, na sijawahi kulala pale. Nimesema nitafikiri. Avelina akasema, "Fikiri, Bibi," akatoka. Amekonda. Magauni yanamning'inia.

Machi 2
Dawa nimekunywa. Leo nimeaibika na Anneth na sijui niandike vipi.

Alikuja kuchukua dumu lake. Nikamwona anatazama chumbani kwa Avelina. Hasira zikanipanda. "Unatafuta nini humo, Anneth? Hata amani ya mgonjwa hutuachii?"

Akaweka dumu chini. "Mama Beatha, tangu mwezi wa kwanza najua mtoto anaomba safari. Nilimwona polisi, nikamuuliza karani, ni mtoto wa dada yangu. Nimemsalia novena mbili za siku tisa tisa, hii ni ya tatu. Hukutaka kusema, na mimi sikukuuliza tena."

"Na waliokuuliza uliwaambia nini?"

"Wewe ndiye uliyesema anaumwa! Mimi nilisema aaa, kweli, anaumwa, kila aliyeniuliza nilimwambia anaumwa. Kijiji kizima kinajua ana vidonda vya tumbo."

Nikakosa la kusema, jambo ambalo Anneth atalihadithia mpaka kufa. Nikamwambia akae. Nikamwambia na mambo ya simu. Akacheka mpaka akashika kiuno, mtu aliyetapeliwa hela ya mbolea ananicheka mimi. Kisha akauliza, "Ukienda Makambako mianzi nani atagema?"

"Itaziba. Basi."

"Haizibi. Niachie kisu."

Machi 10
Makambako. Dawa nimekunywa. Tulichelewa njiani, lori la mbao limelala barabarani na mvua. Avelina kashika ule mfuko wa kompyuta kifuani kama mtoto mchanga.

Romani katupokea kituoni na mwavuli. Nilimwambia nyumba yake inanuka mafuta ya taa. Akasema, "Shikamoo mama, ndiyo, inanuka." Hivyo ndivyo anavyonijibu siku zote na ndiyo maana hatugombani vizuri.

Machi 11
Dawa nimekunywa. Umeme umekatika saa tano, umerudi saa kumi. Kesho ndiyo siku.

Nimemtazama Romani leo. Ametoa wageni wa chumba cha kona akawahamishia mbele, ili upande ule uwe kimya. Akabandua picha za bia ukutani, akatundika shuka nyeupe. Akajaribu jenereta. Likawaka. Akalizima, akalijaribu tena. Likawaka. Jioni akatoka na tochi akaenda kuongea na madereva wa malori waliolala pale nje, mmoja mmoja, kuwaomba kesho saa nne wasiwashe injini mpaka tumalize. Nikamuuliza kwa nini wamsikilize. Akasema, "Wengine wamelala hapa kwa mkopo, mama. Na wengine wana watoto." Nilidhani namjua.

Machi 12
Naandika taratibu.

Saa nne kasoro umeme ukakatika. Avelina akaweka mikono kichwani. Jenereta likaguna, likakohoa, likawaka, na taa ya mtandao ikarudi kijani. Romani alikuwa nyuma, nikamsikia anasema, "Bwana asifiwe," mtu asiyekwenda kanisani.

Avelina akanifunga kitambaa vizuri, akanigeuza uso nitazame pale juu kwenye kijidude cha picha cha kompyuta. Akatoka. Mlango ukafungwa.

Akatokea mwanamke wa makamo, ana miwani, na pembeni yake kijana wa Kizungu asiyesema. "Shikamoo bibi," na sauti nikaijua.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenipigia?"

"Ndiye mimi."

"Mama yako hajambo?"

Akainama kidogo. "Hajambo, bibi. Nilimfikishia salamu zako." Akamtafsiria kijana. Kijana akacheka, na mimi jasho likanitoka.

Akasema, "Bibi, mara ya kwanza ulituambia Avelina hana kazi. Yeye anasema anayo. Tumwamini nani?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Yakatawanyika kama kuku. Nikasema, "Mwanangu, mimi ni mtu wa huku. Huku ukiniuliza mahindi, nitakuambia panya wamekula, na ghala limejaa. Mgeni haambiwi mali ya nyumba. Wewe ulinipigia sijakuona uso, ukaniuliza mtoto wangu anapata shilingi ngapi. Ungekuja nyumbani ukakaa, ukala, nikakujua kwenu, ningekuambia."

"Leo hujanijua kwetu."

"Leo nakuona macho. Na mtoto amekonda."

Akatafsiri. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyosema.

"Haya bibi, nieleze kazi yake."

Hapo nikagundua kitu ambacho sikukitegemea. Kumsifu mtu sijui. Ulimi wangu ulikwenda kwenye sufuria zilizoungua, kwenye mlango wa kuku, kwa mazoea. Nikaukamata. Nikawaambia ile siku ya mvua, barazani pa kanisa, vidole vyeusi, na yule mama aliyekuwa na harusi kesho yake. Nikasema, "Mimi nilimgombeza. Lakini nilisimama nikatazama, na nimeona watu wakifanya kazi, nimelima na watu, nimevuna pareto na watu. Huyu hakuwa na mtu wa kumsimamia. Angeweza kusema mtandao umekufa, na ingekuwa kweli. Alipanda mlima." Nikasema tena, "Anafanya kazi, na chumvi ya nyumba yangu ni yeye, na bati la jiko ni yeye." Nilisikia sauti yangu inasema hivyo, tena kwa wageni, nikaona kama nimevua nguo.

"Na mchumba wa Mawengi?"

"Hayupo. Nilimtunga."

"Ulimpa mpaka ng'ombe, bibi."

"Nilipokuwa namtunga niliona si vizuri awe maskini."

Kijana wa Kizungu, alipotafsiriwa, akaweka mkono mdomoni.

Nikafikiri tumemaliza. Yule mwanamke akavua miwani. "La mwisho, bibi. Hili halipo kwenye maswali yetu, naliuliza mimi. Akienda, utabaki na nani?"

Nje malori yalikuwa kimya. Kimya kabisa, Makambako yote. Nikajua kwamba hapo ndipo ninapoweza kumbakisha. Neno moja tu. Niseme mimi mzee, nina presha, sina mwingine wa kunipa dawa. Na lingekuwa kweli, wala nisingehitaji kutunga mtu wa ngano. Lilifika hapa kwenye koo.

"Nitabaki na Beatha," nikasema. "Amezoea."

Akanitazama. Akaandika. Akashukuru. Picha ikazimika.

Nje malori yakawaka yote kwa pamoja.

Machi 13
Tumerudi nyumbani. Mianzi haikuziba. Anneth anagema kwa mkato mnene, lakini haikuziba. Nimemwambia anagema vibaya. Nimemwachia na mbeta mbili za jana.

Machi 17
Dawa nimekunywa. Hakuna jibu.

Machi 21
Dawa nimekunywa. Hakuna.

Machi 26
Dawa nimekunywa. Kampuni imemwandikia kuuliza ataweza au hataweza. Amewaomba radhi. Hajui kufanya kingine.

Machi 30
Hakuna. Mvua ya mawe, mahindi ya upande wa bonde yamechanika. Mchana nimemkuta Avelina amefungua sanduku la mama yake, ananusa nguo. Nikarudi nyuma bila kukohoa.

Aprili 5
Dawa nimekunywa. Pasaka. Romani kaja na mchele na nyama, na amekwenda kanisani, akakaa nyuma. Watu wakageuka kutazama. Na mimi niligeuka.

Aprili 9
Hakuna. Machipukizi yanakauka, msimu unaisha. Ninaomba lipi? Nikipiga magoti naanza, "Bwana, mpe," halafu nasita, maana akipewa ananiacha, halafu naona haya kusita mbele ya Mungu, naanza upya. Anneth yeye anaomba moja kwa moja. Nimemwachia kazi hiyo.

Aprili 14
Limekuja. Amekubaliwa.

Nilikuwa najaza maji kwenye ndoo. Akatoka chumbani na simu mkononi, hana rangi, nikajua wamekataa. "Bibi, wamekubali." Nikasema, "Basi usisimame kwenye matope na soksi." Akaingia ndani, na mimi nikaendelea kujaza ndoo mpaka maji yakafurika uani.

Aprili 16
Dawa nimekunywa. Tangu juzi anazunguka nyumba. Anafagia palipofagiwa. Leo ameniletea chai, akachukua kigoda, akakaa.

"Bibi, nimefikiri. Siendi."

"Nini?"

"Nitawaandikia. Nitapata kazi nyingine, hata Njombe. Siwezi kukuacha peke yako na presha."

Nikamwambia aache upuuzi. Nikamwambia nimelala peke yangu kabla yeye hajazaliwa, kuni najua zilipo, dawa najua ilipo, Anneth yupo na shingo yake, Romani atakuja. Nikamwambia hata nafurahi, nitakula bila kelele za kompyuta. Nilisema mengi, kwa sauti, kama nilivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Bibi, hayo unaniambia mimi, au unaniambia kama mgeni aliyekupigia simu?"

Kigoda chake kilikuwa karibu sana. Alikuwa na macho ya mama yake.

Nikaweka kikombe chini.

"Nitaumia," nikamwambia. "Asubuhi nitaumia na jioni nitaumia, na chumba chako nitakuwa naogopa kukifagia. Hiyo ndiyo kweli, na sijawahi kumwambia mtu. Nenda, Avelina. Usipokwenda nitaumia zaidi, maana nitakuwa nakuona kila siku umekaa pale nje ukitazama ukungu, na nitajua ni mimi."

Akalaza kichwa mapajani kwangu, mtu mzima mzima. Nikamwacha. Uji wa kuku ukaungua, nikauacha na wenyewe.

Baadaye akafungua begi kitandani. "Bibi, masweta nibebe mangapi? Kule wanasema kuna joto."

"Beba yote."